Mwaka wa Mguu wa Mgema

Daktari Mutheu alinijia kwangu Diani mwezi uliopita, bila simu, bila taarifa, amebeba kopo la asali ya Kitui na mvi kichwa kizima. Mara ya mwisho kuonana naye nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na yeye alikuwa daktari mchanga ambaye kila koti jeupe alilopewa lilimpwaya. Nilipomfungulia mlango nilidhani ni mmoja wa wale wanaopita wakiuza viwanja. Akasimama, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Riziki, mgema wetu unamkumbuka?" Basi hapo hapo nikamjua. Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena, na majirani wakachungulia kuona kuna nini. Kiswahili chake bado ni kile kile cha bara, miaka yote hii haijakinyoosha. Nilipompakulia samaki wa kupaka akaniambia, "Hii samaki iko sawa kabisa," nami nikajisikia niko tena kwenye chumba kile, nimeshika bakuli la chuma, nangoja kukaripiwa. Tulikaa mkekani mpaka alasiri ikaingia, tukimzungumza Ndoro, mgema mwenyewe, kana kwamba yuko chumba cha pili anatusikia. Watoto wangu walituona wehu. Wana haki, maana wanajua mama yao amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, lakini hawajui kwamba yote yalianzia kwenye mguu wa mtu mmoja mkaidi, mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua kubwa iliyoondoka na barabara na madaraja.

Hospitali yenyewe siku hizi haipo. Ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, kando ya barabara inayotoka Msambweni kwenda Lunga Lunga. Ilikuwa na wodi mbili, chumba cha upasuaji kisichozidi jiko la kwangu, na chumba cha kufungia vidonda, ambacho ndicho kilichokuwa dunia yangu mwaka ule mzima. Nilikuwa nimetoka shule tu, nikachukuliwa kama msaidizi: kuchemsha vyombo, kukunja shashi, kushika taa, kufunga bendeji. Kuta zilipakwa kijani mpaka usawa wa bega, juu nyeupe, na kila lori la mpakani lilipopita mabakuli ya chuma yalitetemeka mezani yakagongana. Palinuka spiriti na shashi iliyochemshwa, na ikifika saa nne palinuka iliki, kwa sababu Sista Zuhura, muuguzi mkuu wa chumba kile, alikuwa hagusi kidonda cha mtu saa ya chai. Alikuwa mwanamke mnene, mtu wa Gazi, mwenye sauti ya kumwita mtu kijiji cha pili akaitika. Mahamri yake aliyaleta kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe kuliko shuka yoyote pale hospitalini. "Kidonda chako nitakikuta hapa hapa," alikuwa akimwambia mgonjwa mwenye haraka, "lakini chai hii ikipoa ndiyo imekwenda." Wagonjwa wa benchi la nje walimjua, na wajanja walijileta saa hiyo hiyo ili wapate hamri. Sijapata kufanya kazi mahali penye kicheko kama pale, na hapo watu walikuwa wanakuja na majipu, na mikono iliyoungua mafuta, na miguu iliyokatwa na matumbawe.

Ndoro aliletwa kwa mkokoteni siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Alikuwa Mduruma, mtu wa pande za Samburu iliyo nyikani nyuma ya Mombasa, lakini alishuka pwani akiwa kijana, akajifunza kugema tembo la mnazi, na hakuwarudia mbuzi wa kwao tena. Umri wake ulikuwa arobaini hivi, mwembamba, mikono mirefu, vidole vya miguu vimetawanyika kwa kukanyaga vidato, yale mapengo yanayochongwa kwenye shina la mnazi ili mtu apande. Alikuwa anateremka na kibuyu kimejaa mgongoni, na kiunoni ana kotama, kile kisu cha mgema chenye makali ya kunyolea. Kidato kilikuwa kimelowa. Mguu ukateleza, akalikumbatia shina akashuka nalo, na kotama ikachomoka alani mwake ikampasua muundi, mbele ya mguu chini ya goti. Badala ya kuja hospitali akajifunga kitambaa, akaendelea kupanda kwa mguu ule ule siku kadhaa, mpaka ukafura kama papai na homa ikamlaza. Haya yote alituhadithia yeye mwenyewe akiwa amelala juu ya meza yetu, na jambo alilolisisitiza ni kwamba tembo halikumwagika. "Kibuyu kizima, Sista! Hata tone!" Mkewe, Mbodze, aliyekuwa ameufuata mkokoteni kwa miguu juani, akasonya. "Msikieni. Angevunjika shingo angeuliza kibuyu."

Nyama iliyooza ilikatwa yote, uchafu ukaoshwa, dawa akadungwa, na homa ikashuka. Kilichobaki ni kidonda chenye upana wa kiganja kizima, pale muundini, kinachotutazama. Hapo sasa ndipo palipokuwa na kazi. Kidonda kikijaa nyama, mguu utapona na Ndoro atarudi juu ya minazi yake. Kisipojaa, mfupa utaingia maradhi, na mguu utakatwa. Hakuna aliyemficha. Yeye mwenyewe alimuuliza daktari siku ya pili tu, "Nikikatwa mguu nitapandia nini, ndevu?" Wodi nzima ikacheka, naye akacheka, lakini mimi nilikuwa karibu naye na niliona mkono wake umeukamata ukingo wa kitanda.

Daktari Mutheu ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi, ametoka masomoni kichwa kimejaa. Kuna watu wanapenda mpira, kuna watu wanapenda taarabu. Yeye alipenda mishipa ya damu. Saa ya chai alikuja kukaa nasi kwenye chumba cha vidonda, akachana boksi la glovu, akatuchorea upande wa ndani. Alisema mshipa wa damu kwa ndani una utando mwembamba, safu moja tu ya chembe hai zilizolala ubavu kwa ubavu. Siku za kawaida chembe hizo zimetulia, zinaacha damu ipite, basi. Lakini mtu akijikata, nyama iliyokosa hewa hupeleka ujumbe: oteni, leteni njia mpya za damu huku tunakufa. Sasa ujumbe kuja ni kitu kimoja, na kupokewa ni kitu kingine. Chembe lazima iwe na kitu usoni pake cha kumpokelea yule mjumbe. Hapo Kiswahili kikamkwamia. "Hiyo kitu ya kupokea mgeni, nyinyi huku mnaita aje?"

"Mkeka," Sista Zuhura akasema, hamri mdomoni.

Tukamtazama. Akameza. "Nyumba ikiwa na shughuli, ya harusi, ya maziko, wenyewe hutandika mikeka barazani, si ndiyo? Wageni wakija wapate pa kukaa. Siku isiyo na jambo mkeka mmoja watosha. Si ndiyo hicho usemacho?"

Daktari Mutheu alipiga makofi kama mtoto. Ndiyo hicho hasa, alisema. Mtu akijeruhiwa, chembe za utando ule, zile zilizo karibu na jeraha, hutandika mikeka mingi. Mjumbe akifika akaketi, chembe humkunja na mkeka wake ikamwingiza ndani, na huko ndani ndiko maneno yanakosikika vizuri, chembe ikaanza kujigawanya na kusogea, ikatengeneza mshipa mpya mdogo. Mikeka mingine hurudishwa nje itumike tena, mingine hutupwa. Na kazi ikiisha hukunjwa ikapungua, kwa sababu mshipa unaoacha mikeka nje mwaka mzima nao ni ugonjwa, huota ovyo na huvuja. "Yaani mgeni anakunjiwa ndani ya mkeka?" niliuliza. "Pamoja," akasema. Nikasema, "Makubwa! Kwetu mtu akifanyiwa hivyo huitwa polisi." Akacheka mpaka chai ikampalia. Kisha akanionyesha kwenye boksi lake jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: ile mishipa midogo ikija, kidonda huonekana chekundu chenye chembechembe, na ukikigusa hutoa matone ya damu. Watu wakiona damu huogopa. "Hiyo damu kidogo ni habari njema," alisema. "Ukiiona, kuja uniite hata kama nakula."

Basi kidonda cha Ndoro kikatutia wazimu. Nilipokifungua jioni niliona hasa alichokichora daktari, wekundu umeanza kwenye kingo, punje kwa punje. Nilipokifungua asubuhi, hakuna. Pamelala, pamepauka, pamekuwa tambarare kama ubao uliopigwa randa. Siku inapita, jioni wekundu unarudi, asubuhi umekwenda. Daktari akampima sukari, hana. Akabadilisha dawa, vivyo hivyo. Sista Zuhura akaanza kututazama sisi wasaidizi mmoja mmoja. "Nani humu ana mkono wa kusugulia sufuria?" akauliza, macho yamenigandia mimi. Nilikasirika, nilikasirika kweli! Mimi niliyekuwa nikilowesha bendeji ya mtu yule kwa maji ya chumvi, nikiibandua kama ninavyobandua mkate usikatike! Nikamjibu kwamba mkono wangu ulifundishwa na yeye, kwa hivyo ajisute mwenyewe. Halafu akanikatia hamri nusu, na hiyo kwake ilikuwa ni kuomba radhi.

Mpasuaji alikuwa akija kutoka Mombasa mara moja kwa mwezi. Bwana mpole, mrefu, haongei sana. Akakitazama kile kidonda tambarare, akagonga ukingoni kwa kidole, akasema, "Nikirudi nikikikuta hivi, tutakata chini ya goti. Afadhali mguu kuliko mtu." Ndoro akamwambia ahsante. Mpaka leo najiuliza mtu hupata wapi adabu ya kushukuru maneno kama hayo.

Siku hiyo nilikuwa nakunja shashi kwenye ukumbi, nyuma ya pazia la wodi ya wanaume, na Mbodze alikuwa amekuja na wali wa nazi na maharage kwenye bakuli la bati. Nilisikia kijiko kikikwangua, kisha kikaacha. Mbodze akasema, "Baba Mbeyu, wakate. Wakate twende nyumbani." Mbeyu ni binti yao mkubwa.

"Twende nyumbani nikafanye nini?"

"Ukae."

"Nimekaa lini mimi?"

"Utajifunza. Mimi mti ule siutaki tena, nakwambia kweli. Kila asubuhi ukitoka mimi nasikiliza kama kuna mtu anapiga mayowe. Miaka yote hii nakunywa chai yangu nikisikiliza mayowe."

Ndoro akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Huku chini, Mbodze, kila mtu ana la kuniambia. Kule juu ni mimi tu na ile kazi, na ile kazi naijua." Nilisikia Mbodze akisukuma bakuli, akimwambia amalize maharage. Mimi na umri wangu ule, sijui ndoa wala kazi, nilisimama na shashi mkononi nikitaka mguu ule upone kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Nilikwenda chooni nikalia. Kisha nikanawa uso, maana Sista Zuhura hakupenda macho mekundu mbele za wagonjwa.

Asubuhi moja, mapema, niligawa uji mimi badala ya mpishi, aliyekuwa na mgeni kwake. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaingia dirishani. Nikapita pazia, nikamkuta Ndoro ameketi kitandani ameegemea ukuta, bendeji ameifungua na kuikunja vizuri pembeni, ncha ya ulimi imemtoka mdomoni kama fundi, na mkononi ana nusu ya wembe. Anaupitisha juu ya nyama nyekundu. Taratibu, kwa ulalo, anatoa kijitandu chembamba, anakiweka kwenye karatasi, anapuliza, anaendelea.

Kikombe cha uji kilinitoka mkononi. "Toba! Toba ya Rabbi! Unafanya nini?"

"Punguza sauti, mwanangu, watu wamelala," akasema. "Nakichonga."

Nilipiga kelele ambayo nafikiri Lunga Lunga waliisikia. Sista Zuhura akaja na kanga ya usiku. Daktari Mutheu akaja mbio na kiatu kimoja. Mbodze, aliyekuwa akichota maji bombani, akaja na ndoo kichwani, na wagonjwa wote wakakaa kitako vitandani mwao kama wako kwenye sinema.

"Nani alikuambia ukate hiyo kidonda?" daktari akauliza.

"Hapana mtu, daktari. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kukata miguu?"

"Kazi yangu ni kukata ili kitu kitoe maji." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. "Nyinyi mwakitia dawa, nami nashukuru, lakini nyama hii nyekundu yaota upesi mno. Kikifunga kabla maji machafu hayajaisha, uchafu utabaki ndani, na nitakatwa. Kwa hivyo nakiweka wazi."

Nilidhani daktari atampiga kofi. Badala yake akaketi ukingoni mwa kitanda, akavuta pumzi, akasema, "Hebu nieleze hiyo kazi yako. Kutoka mwanzo."

Ndoro akaeleza, na uso wake ukachangamka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Kuna karara, alisema, lile ua la mnazi ambalo halijapasuka. Unalifunga, unalikata ncha, unalitegea kibuyu, na maji yake ndiyo tembo. Lakini usidhani ukishakata umemaliza. Mdomo ule, pale ulipokata, wataka kufunga. Kwa hivyo kila asubuhi na kila jioni mgema hupanda akachonga, kipande chembamba kabisa, si nyama nyingi, mkono mwepesi. Hapo ndipo unapomjua mgema na mchinja minazi.

"Na siku usipopanda?" daktari akauliza.

"Hufunga."

"Kwa nini inafunga?"

"Si umeukata? Mnazi wajua kujiponya. Wewe ukiuacha siku mbili tatu tu, unakuta mdomo umekauka, umejiziba wenyewe, na lile tembo..." Akaacha hapo. Mkono ulioshika wembe ukashuka gotini. Akautazama wembe. Akautazama muundi wake. Nimewaona watu wengi tangu siku ile wakipewa habari mbaya na habari njema, lakini sijauona tena uso kama ule, wa mtu anayekamatwa na kazi yake mwenyewe.

"Ala," akasema.

"Ala?" Mbodze akaitua ndoo chini kwa kishindo, maji yakamwagika mpaka kwenye uji wangu. "Ala? Muda wote huu unaugema mguu wako mwenyewe, na sisi twalia, na mimi napika, na madaktari hawalali, nawe wasema ala?"

Kicheko kilianzia kitanda cha dirishani, kwa kijana mmoja dereva wa lori aliyekuwa na mkono wa plasta. Kikapita kitanda hadi kitanda. Sista Zuhura akajishika kiuno, akasema, "Wenzio ndani humo wanatandika mikeka usiku kucha, wageni wanakuja, shughuli imekolea, asubuhi waja wewe na wembe waichana mikeka yote! Kila siku waanze upya! Huna haya, Ndoro?" Ilibidi Ndoro aelezwe habari ya mikeka, na daktari akamweleza, pale pale, kwa vidole na kwa Kiswahili chake kilichojikwaa kila hatua. Uchafu wa ndani tulishautoa sisi siku ya kwanza, akamwambia, na maji yanayotoka sasa ni ya nyama mpya. Ndoro aliuliza maswali ya maana. Aliuliza, je, mikeka huchoka kutandikwa? Daktari akasema ndiyo, ikivurugwa sana hufika siku haitandikwi tena vizuri, na kidonda hukaa tu. Hapo Ndoro akampa Mbodze wembe kwa mkono wake mwenyewe. Mbodze aliupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga, na kuanzia asubuhi ile alihamia pale, akawa analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mumewe kumlinda na mikono yake.

Maana mikono ile ilikuwa haiwezi kutulia. Asubuhi na jioni, saa ya kupanda, ilimwasha. Sista Zuhura akampa mkasi na bunda la shashi akate na kukunja, na hatujapata kuwa na shashi zilizonyooka pembe kama zile. Kila nilipofungua kidonda alinyoosha shingo. "Vipi, wamekuja wageni?" Nikamjibu, "Wamejaa mpaka uani." Na kweli walijaa. Wekundu ulitoka kingoni ukasogea katikati, shimo likapanda, punje zile ndogondogo zikawa zinang'aa zikiloweshwa. Nilipozigusa kwa shashi zikatoa matone, nami nikakimbia kumwita daktari katikati ya chakula chake cha mchana, nikamburuta na ugali mkononi. Tulisimama juu ya mguu ule tukishangilia matone ya damu. Tangu wakati huo nimejifunza majina ya vitu hivyo kwa Kiingereza, na nimewafundisha wanafunzi wengi wa uuguzi, na vitabu vimeongeza mambo mengi ambayo Daktari Mutheu hakuyajua. Lakini nikisimama mbele ya kidonda ninachokiona ni baraza la watu, na furaha inanipanda vile vile.

Mpasuaji aliporudi tulipanga mstari kama watoto wa shule. Akafungua, akatazama, akagonga kwa kidole, damu ikachomoza. Akatutazama sote. "Mmefanya nini?"

"Tumeacha," Sista Zuhura akasema.

Akasema hatakata, atapandikiza ngozi. Ndoro akachomwa sindano ya mgongo, sehemu ya chini ikafa ganzi, lakini yeye yu macho, na mimi nikashika taa. Mpasuaji akatoa kisu chake kirefu cha kupunia ngozi, akaanza kuipuna ngozi ya paja, nyembamba, unaona mwanga kupitia. Ndoro akainua kichwa. "Kumbe nawe una kotama!" akasema. Akatazama zaidi. "Mkono mwepesi hapo pembeni, daktari. Usikazie. Eeh. Hapo hapo." Bwana yule mpole, asiyeongea, akasimamisha kisu, mabega yakaanza kumtikisika ndani ya koti la kijani. Akatuambia tungoje kidogo, hawezi kukata huku anacheka.

Ngozi ile ikalazwa juu ya nyama nyekundu, ikafungwa, na sisi tukaingia kungoja. Ngozi ya kupandikiza haina damu yake. Huishi kwa kusubiri mishipa ya chini iifikie, na isipofikiwa hukauka ikaoza. Siku ya kufungua, Mbodze alikataa kuingia, akabaki mlangoni ameupa chumba mgongo. Sista Zuhura akalowesha, akabandua shashi moja, ya pili, na ya mwisho akainyanyua kwa koleo polepole mno nikatamani kumsukuma. Ngozi ilikuwa imelala pale, rangi ya waridi. Daktari Mutheu akaibonyeza kwa kidole, ikapauka, akatoa kidole, waridi likarudi. Akabonyeza tena, likarudi tena. "Imeshika," akasema. Sista Zuhura akapiga kigelegele ndani ya chumba cha kufungia vidonda, jambo lililokatazwa na yeye mwenyewe, na wa benchi la nje wakakipokea bila kujua cha nini.

Daktari alimkataza kupanda mpaka kovu lipoteze wekundu wote. Alitaka mikeka ikunjwe kwanza. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha Ndoro alipokuja kutuonyesha muundi wake, umepauka, umekuwa mgumu, na akatualika. Tulikwenda asubuhi, sisi watatu, kwenye shamba la minazi nyuma ya Msambweni, Sista Zuhura na kikapu chake. Mbodze alikuwepo, ameupa mnazi mgongo, mikono kifuani. Akaniambia, "Mwanangu, wewe niambie, mimi sitazami." Basi nikawa macho yake. Nikamwambia ameshika shina. Nikamwambia amekanyaga kidato cha kwanza, kwa mguu mzima. Nikamwambia anapanda, amefika pale mti unapopinda. Kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amesimama. Alikuwa ameuinua ule mguu wa kovu, akauweka kwenye kidato, na hakusogea. Daktari Mutheu alinishika mkono akaufinya.

"Riziki, sema," Mbodze akasema. "Sema, mwanangu."

"Amesimama."

"Anaanguka?"

"Amesimama tu."

Akasogea. Mguu ule ukabeba uzito wote, mwingine ukafuata, akapanda, akaingia kwenye makuti, akapotea. Ndipo tukaisikia kotama ikichonga karara, sauti ndogo, kavu, ya mtu asiye na haraka. Mbodze akageuka. Alitazama juu kwa muda, amekunja uso kwa jua, kisha akakusanya viganja mdomoni akapaza sauti.

"Baba Mbeyu! Mguu wasemaje?"

Kotama ikaacha. Makuti yakatikisika, kichwa kikachomoza kutoka kule juu kabisa, kikatuangalia chini kwa mshangao wa mtu aliyekatizwa kazini.

"Mguu gani?"

Mbodze akaketi pale pale mchangani, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na sisi tukaketi naye.